Kundi moja limepata nyuzi 360 kwenye umbo la pande tano, na wamegoma kukubali wamekosea

Chaki_Nyeupe

Wakuu habari za jioni. Mimi nafundisha hesabu shule moja ya kata, jina lake na mkoa tuviache, kidato cha kwanza nina wanafunzi 87 chumba kimoja na madawati ya kubahatisha. Ijumaa baada ya vipindi tuna klabu ya hesabu, wanabaki kama 30 hivi wenye moyo, basi nikasema ngoja nijaribu hii habari ya kuwapa swali wapambane nalo kwa makundi badala ya mimi kuongea mpaka koo likauke wao wanakopi ubaoni.

Nimetengeneza vibao sita vya plaiwudi, vipande nimeokota kwa fundi makabati, kila kibao misumari 7 kwa 7 yani 49, nafasi ya sentimita 3 msumari hadi msumari. Karibu misumari 300 nimegonga mwenyewe na kidole gumba bado kina alama. Halafu rabadendi sorry rababendi zile za kufungia hela. Mwanafunzi anavuta rababendi kwenye misumari anapata umbo lolote analotaka, sharti langu lilikua moja tu, mpira usijikate wala kujigusa. Kazi: tengenezeni umbo la pande 5, pimeni pembe za ndani zote, jumlisheni, njooni na jibu.

Makundi matano yakaja na 538, 543, 540, vitu vya namna hiyo, protrakta za kwenye mkebe mnazijua zenyewe, namba zimefutika nusu. Hapo nilikua natabasamu, maana jibu sahihi ni 540. Kundi la sita wakaja na 360. Na sio kwamba wamekosea kidogo, ni 360 kamili.

Wao walitengeneza kitu wanakiita paka. Kwa anayetaka kuchora (namba ya kwanza ni kwenda kulia, ya pili kwenda juu), anzia (0,0), nenda (6,0), panda (6,4), shuka mpaka (3,1), panda (0,4) halafu rudi ulipoanzia. Kweli ni kichwa cha paka, masikio mawili juu na bonde katikati. Chini wamepima 90 na 90, kwenye ncha za masikio 45 na 45, pale kwenye bonde wakaandika 90. Nikawaambia hamjapima vizuri rudieni. Wakarudia, 360. Nikasema haya nileteeni. Kuna binti mmoja pale, darasani sijawahi kusikia sauti yake toka Januari, akaniambia hivi: "Mwalimu, hii pembe imeingia ndani. Ulisema tupime pembe ya ndani. Ndani yake ni huku." Na kidole kakiweka kwenye bonde, nje ya rababendi kabisa.

Nilikwama. Kwa Kiswahili yuko sahihi jamani, kitu kimeingia ndani utasemaje sio ndani? Muda ulikua umeisha, wengine wanavaa mabegi, nikafanya uvivu, nikaandika ubaoni 270, nikasema hii inapimwa upande wa pili, 90 na 90 na 45 na 45 na 270 ni 540, haya tukutane Jumatatu. Wakakopi. Yule binti naye akakopi. Toka Ijumaa najisikia nimeua kitu.

Nisaidieni, hili ningewafikishaje wao wenyewe bila mimi kulitamka? Na pia kwenye kila kundi kuna mmoja anayeshika kibao na wengine wanne wanapiga stori za mpira, hilo nalo mnalifanyaje?

Mzee_wa_Kompasi

Mwl pole na kidole. Kwanza usijilaumu, sote tumeandika 270 ubaoni kengele ikiwa inalia.

Mimi ningewapa mkasi. Waambie wachore paka wao kwenye manila, saizi kubwa, halafu kazi ni kumkata vipande vya pembetatu tu, mkasi unatoka kwenye kona kwenda kwenye kona, hairuhusiwi kuanzia katikati ya upande na hairuhusiwi mkasi kupita hewani nje ya karatasi. Watakata sikio la kulia, kutoka (6,0) hadi (3,1). Watakata la kushoto. Kinabaki kipande chembamba cha chini kama chapati iliyokunjwa vibaya. Pembetatu tatu. Kila moja ina 180, hilo wanalijua toka msingi, 3 mara 180 ni 540 na hakuna mtu amepima chochote. Sasa hapo wewe nyamaza kabisa. Wanayo 540 mkononi ya karatasi na 360 kwenye daftari, wao wenyewe wataanza kutafuta 180 imepotelea wapi. Waambie warudishe vile vipande vitatu pale kwenye kona ya bonde wavipange, wataona karatasi inajaza robo tatu ya mzunguko. Karatasi ndo imekaa upande gani? Hapo neno "ndani" linajieleza, ndani ni kwenye karatasi.

Alafu kitu cha kukufurahisha, wamesema masikio bila kujua kwamba hilo ndilo jina lenyewe. Kuna bwana anaitwa Gary Meisters mwaka 1975 alithibitisha kwamba umbo lolote la namna hiyo, lisilojikata, likiwa na kona zaidi ya tatu lazima liwe na masikio yasiyopungua mawili, sikio ni kona unayoweza kuikata kwa mkasi mmoja bila kuharibu wala kutoka nje. Ndo maana ukimpa mtoto umbo baya namna gani, lenye kona 20 limejikunja kama utumbo, daima kuna sehemu ya kuanzia kukata. Kila ukikata sikio kona moja inaondoka, unabaki na pembetatu ya mwisho, kwa hiyo vipande ni kona ukitoa mbili. Ile fomula yote imetokea kwenye mkasi.

Njia nyingine kama huna manila, toka nao uwanjani. Chora paka kwa majivu, mkubwa, kila kipimo hatua moja. Mwanafunzi mmoja anatembea juu ya mstari, mwingine anasimama katikati anaandika kila akigeuka amegeuka digrii ngapi, kushoto au kulia. Akianza chini anaelekea kulia: kushoto 90, ncha ya sikio kushoto 135, kwenye bonde anajikuta anageuka KULIA 90, sikio la pili kushoto 135, kona ya mwisho kushoto 90. Kushoto jumla 450, toa ile ya kulia 90, ni 360, amezunguka mara moja kamili na anaangalia alikoanza. Yule anayetembea hawezi kukosea hilo bonde maana mwili wenyewe umegeukia upande mwingine. Nimeifanya hii na watoto wa darasa la sita wakacheka sana lakini walielewa.

Silabasi_Kwanza

Sitaki kuharibu sherehe ya watu ila niulize, mtihani wa taifa unauliza paka? Poligoni, yani umbo la pande nyingi, kwenye karatasi ya mtihani ni ile ya pande na pembe sawa, wanakupa pembe ya nje 40 wanauliza pande ngapi, mtoto anagawa 360 kwa 40 anaandika 9 anaendelea. Dakika moja. Nyie mnatembea juu ya majivu. Na makundi nimeyajaribu sana, watoto 80 ukiwapanga makundi una makundi 16 ya kelele, jirani anakuja kukugongea mlango. Mwenye akili anafanya, wengine wanaandika majina yao kwenye karatasi yake. Mimi nilirudi kwenye chaki na ufaulu wangu uko palepale.

Mzee_wa_Kompasi

@Silabasi_Kwanza sikatai kuhusu kelele. Lakini yeye kasema ni klabu ya Ijumaa, watu 30, silabasi haijaguswa. Na huyo anayegawa 360 kwa 40 muulize kwa nini 360, utasikia "ndo fomula".

bi_kiranja

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Mie niko Kilifi, nafundisha shule ya upili, darasa zetu pia zimejaa vile vile kwa hivyo naelewa. Mwalimu wangu hilo suala la mmoja kushika kibao mimi lilinitesa miaka, dawa niliyoipata ni kwamba usiwape swali zima. Likate.

Unaandika vikaratasi vinne, kila mtoto anapewa chake, anaruhusiwa kukisoma kwa sauti mara nyingi apendavyo lakini haruhusiwi kukitoa mkononi wala kumuonyesha mwenzake. Basi yule mjuaji hawezi kufanya pekee yake, anawahitaji. Na yule wa kukaa kimya lazima afungue mdomo maana yeye tu ndiye aliye na hiyo habari. Mfano huu nautumia sana:

Cha kwanza: umbo letu lina pande 6.
Cha pili: kila pembe ya ndani ni 90 au 270.
Cha tatu: mzingo wake ni 16.
Cha nne: eneo lake ni 12, na kila kona iko juu ya msumari.

Wape kibao na mpira mmoja. Wataanza na mstatili wa 2 kwa 6 maana eneo ni 12 na mzingo ni 16, washangilie, kisha mwenye kikaratasi cha kwanza aseme "lakini pande ni sita" na furaha yote iishe hahaha. Halafu watapata herufi L, mraba wa 4 kwa 4 uliokatwa kona ya 2 kwa 2. Sawa kabisa. Sasa utamu uko hapa, meza ya pili watakuwa na L nyingine, mstatili wa 5 kwa 3 uliong'olewa kipande cha 3 kwa 1, nayo eneo ni 12 na mzingo ni 16. Kundi hili litasema nyie mumekosea, lile litasema nyie ndio mumekosea, na wote wako sawa. Mie siku hiyo nilikaa juu ya meza yangu nikanywa chai. Walibishana hadi mmoja akasema kukata kona hakupunguzi mzingo, unakata upande huku unaongeza huku, kwa hivyo kinachobana ni urefu na upana vijumlike 8. Huyo mtoto alikuwa na alama 23 muhula uliopita.

La mwisho, wa kueleza mbele mimi ndiye namchagua, na simchagui mjuaji. Wakishajua hivyo wanaanza kufundishana wenyewe kwa hofu tu. Na watu wanne wanne, sio watano. Wa tano huwa ni wa stori.

Chaki_Nyeupe

Dah asanteni sana, ya vikaratasi Ijumaa hii hii naifanya. Bi kiranja hiyo ya 5 kwa 3 sikua nimeiona, nilikaa nayo dakika kumi na rababendi nikidhani umekosea 😂

Swali la nyongeza kabla sijaenda kusahihisha, eneo la maumbo yaliyobonyea kama paka mnawapa njia gani? Mimi najua kuzungushia mstatili halafu kutoa, 6 kwa 4 ni 24, toa bonde ambalo ni pembetatu ya 6 kwa 3 yani 9, inabaki 15. Lakini wakileta umbo la ajabu zaidi inakua vita.

Bikoni_Nne

Hapa mmeingia kwenye mkate wangu, mimi ni mpimaji ardhi, naomba niongee kidogo japo sio mwalimu.

Sisi hatukati kitu. Kila bikoni, yani jiwe la kona ya kiwanja, ina namba zake mbili, unaziandika kwa kushuka, ukizunguka kiwanja upande mmoja bila kuruka, ya kwanza unairudia chini kabisa. Halafu unazidisha kwa mshazari kama unavyofunga kamba za viatu. Kushoto mara kulia ya chini yake, toa kushoto ya chini mara kulia ya juu. Huyo paka wenu: mstari wa kwanza sifuri, wa pili 6 mara 4 toa 6 mara 0 ni 24, wa tatu 6 mara 1 toa 3 mara 4 ni hasi 6, wa nne 3 mara 4 toa sifuri ni 12, wa mwisho sifuri. Jumla 30, gawa kwa mbili, 15. Ile hasi 6 msiiogope, hapo ndo mstari unarudi nyuma kwenye bonde na hesabu inajikata yenyewe. Hii inafanya kazi kwa kiwanja chenye kona 5 au 500, programu za kompyuta ofisini zinafanya hii hii.

Sasa wape watoto mtihani huu, wabadilishe mpangilio wa pointi ya pili na ya tatu tu, wahesabu tena. Watapata 3 badala ya 15 (inatoka hasi 3). Waambie wachore kwa mpangilio huo mpya waone mstari umejikata. Nilipokua kijana kazini nilichanganya bikoni mbili kwenye orodha kiwanja kikatoka kidogo kuliko choo chake, bosi alinitazama tu akarudisha karatasi.

Na kama unataka kuwaonyesha kwa nini wajali, kuna hesabu ya madalali. Dalali anapima pande nne kwa futikamba, anajumlisha zinazotazamana anagawa kwa mbili, anazidisha. Kwenye mstatili iko sawa. Kiwanja kikiinama inakudanganya na inakudanganya upande mmoja tu siku zote, inaongeza, haijawahi kupunguza. Shemeji yangu alinunua kiwanja pande mita 30 na 20, 30 na 20, akaambiwa mita za mraba 600, akalipa 600. Nimekwenda na mashine, kiwanja kimelala kufuata barabara, ukipima wima kutoka upande wa 30 hadi wa pili ni mita 16 tu. 30 mara 16 ni 480. Amenunua mita 120 za hewa. Angepima ulalo tu angejua, kwenye mstatili wa 30 kwa 20 ulalo zote mbili zinakua kama mita 36, pale kwake mmoja ulikua karibu 45 na mwingine 24. Kundi la watoto wanne na kamba wangemuokoa shemeji yangu.

Silabasi_Kwanza

Hii ya dalali nakubali. Hii ningefundisha hata mimi.

Nukta_Tatu

Nimechelewa kwenye uzi. Mwalimu una vibao vya misumari halafu hakuna aliyekutajia kanuni ya Pick? Una gari umeegesha.

Umbo lolote lisilojikata, kona zote zikiwa kwenye misumari, eneo lake unalipata kwa kuhesabu misumari tu. Misumari iliyoguswa na mpira gawa kwa mbili, jumlisha na iliyo ndani isiyoguswa, toa moja. Paka: mpira unagusa misumari 20, ndani imebaki 6, 10 na 6 ni 16 toa 1 ni 15. Georg Pick aliitoa 1899, alikuwa Prague, Myahudi mzaliwa wa Vienna, mzee wa zaidi ya miaka 80 Wanazi wakampeleka kambi ya Theresienstadt akafia huko 1942.

Lakini tafadhali usiwaandikie ubaoni! Wape makundi jedwali tupu. Kundi la kwanza maumbo yasiyo na msumari wowote ndani, mpira ukigusa 3 eneo nusu, ukigusa 4 ni 1, ukigusa 5 ni 1 na nusu, wataona mwenendo ndani ya dakika tano. Kundi la pili waanze na msumari mmoja ndani. La tatu miwili. Kila kundi litapata kanuni yake ndogo na wataona hazifanani, tofauti ni moja moja. Kanuni nzima haiko kwenye meza yoyote, mpaka wakae pamoja. Hapo bi kiranja nadhani atanielewa, ni vikaratasi vyake vile vile ila kila kikaratasi ni kundi zima.

Na lile swali la binti, ndani ni wapi. Mimi ningempa heshima yake nimpe swali kubwa zaidi. Chora boma limejiviringa kama konokono, kuta zinazunguka mara nne tano, weka kitone katikati ya kuta, huyo ni mbuzi, yuko ndani ya boma au amefungiwa nje? Kwa macho huwezi. Unachora mstari mmoja kutoka kwa mbuzi mpaka nje kabisa ya karatasi unahesabu umekata ukuta mara ngapi. Mara witiri yuko ndani, mara shufwa yuko nje. Sababu ni rahisi, kila ukivuka ukuta unabadili upande na mwisho wa safari tunajua uko nje. Angalia tu mstari usipite juu ya kona, sogeza kidogo. Kisha rudi kwa paka, weka punje ya mchele kwenye (3,3), pale pale alipoweka kidole chake, nenda kulia, unakata sikio mara ya kwanza, unalitoka mara ya pili. Mara 2. Nje. Atahukumu mwenyewe.

Ukibaki na muda, kuna ya walinzi. Ukumbi una kona kadhaa, mlinzi amesimama hatembei ila anageuza shingo, unahitaji wangapi waone kila sehemu? Kwa paka wetu mlinzi mmoja anatosha, msimamishe kwenye bonde. Mwanahisabati Victor Klee aliuliza hili 1973, mwenzake Chvátal akajibu 1975 kwamba idadi ya kona gawa kwa tatu, ukiacha masalio, inatosha daima, na kuna maumbo yanayohitaji hao wote, kitana chenye meno matano na kona 15 kinataka watano kweli maana kila jino lina kificho chake. Halafu 1978 Steve Fisk akaleta uthibitisho ambao mwanafunzi wako anauweza kabisa: kata umbo kwa pembetatu za mzee wa kompasi, tia kona rangi tatu kila pembetatu iwe na zote tatu, rangi iliyotumika mara chache zaidi ndo sehemu za walinzi. Maka peni tatu tu za rangi. Nimeona watoto wakichora vitana vya kila aina kujaribu kuwashinda walinzi.

bi_kiranja

@Nukta_Tatu nimekuelewa sana, na hiyo ya mbuzi naiba leo leo.

Chaki_Nyeupe

Wakuu nimerudi, ni Ijumaa usiku, sijala bado naandika.

Niliwapanga wanne wanne, makundi saba, nikaazima mkasi kwa fundi cherehani mmoja akaniambia nikikatia karatasi nitaununua, ikabidi nitumie wembe. Kundi la paka nililiacha kama lilivyo isipokua yule wa tano. Nikawapa manila bila maelezo mengi. Walikata masikio, wakapata tatu, wakaandika 540, na kukawa kimya pale mezani kwa muda, kisha yule binti akachukua vile vipande akavirudisha kwenye bonde kimoja kimoja kama anapanga vyombo, akasema kwa sauti ya chini "karatasi ndo ndani", halafu akafuta 90 kwenye daftari lake kwa kidole na mate. Ile 270 yangu ya wiki iliyopita ilikua hapo hapo chini, hakuiangalia hata.

Vikaratasi vilifanya kazi isipokua kundi moja walibadilishana kwa siri. Ugomvi wa L mbili ulikua mkubwa mpaka mlinzi wa shule alichungulia.

Jedwali la misumari ndo limetuchukua muda wote uliobaki, tulifika mpaka toa moja, kwa shida lakini wamefika, na aliyeisema ni kijana ambaye huwa anakuja klabu kwa sababu anamsubiri kaka yake waende nyumbani. Nikadhani tumemaliza. Sasa meza ya nyuma wakawa wametega rababendi mbili kwenye kibao kimoja, ya nje mraba wa 3 kwa 3 na ya ndani mraba wa 1 katikati yake kama tundu la dirisha. Wanasema eneo ni 9 toa 1, ni 8, hata kwa macho unaona. Kwa misumari, mpira wa nje umegusa 12, wa ndani umegusa 4, katikati yao hakuna msumari hata mmoja, 16 gawa kwa mbili ni 8, toa moja ni 7. "Mwalimu, fomula imekufa."

Nimehesabu mara tatu nikiwa nimeinama pale, ni 7 kweli. Kengele ikalia. Safari hii sikuandika kitu ubaoni. Nimewaambia kibao kisiguswe, kiko juu ya kabati langu na rababendi zake mbili. Nina wazo kwa nini ila sina uhakika na sitaki mnipe jibu lote.

Nukta_Tatu

Sikupi hata nusu. Ijumaa ijayo waongezee rababendi ya tatu, watoboe tundu la pili, walinganishe.

Mzee_wa_Kompasi

Na mkae mbali na kabati mpaka hapo.

Chaki_Nyeupe

Rababendi zenyewe zimekatika zote zimebaki hizo mbili. Kesho napita sokoni.